Gesi Si Maji, na Fundi Si Kuni



Mwezi uliopita kijana mmoja wa tawi letu alilazwa hospitalini siku kumi na tisa kwa sababu ya moto wa gesi. Ameungua mikono yote miwili na upande mmoja wa uso. Jina lake silitaji, maana shauri lake bado halijakwisha, na mama yake ameniomba hivyo. Alikuwa ameandikwa kibarua na kontrakta mmoja wa hapa Nairobi kuvuta bomba la gesi kutoka kwenye mitungi mpaka kwenye jenereta ya akiba, katika jengo moja la maofisi. Yeye ni fundi wa mabomba ya maji. Alifanya mtihani wa gredi ya tatu, akapita, na cheti chake nimekiona kwa macho yangu. Hakuambiwa kwamba kazi ni ya gesi mpaka alipofika pale asubuhi na spana zake begani.

Juma lililopita barua ya kontrakta ilifika ofisini kwetu. Ni barua fupi, mistari minne tu, na mstari wa tatu wasema kwamba ajali ilitokana na uzembe wa mfanya kazi.

Basi neno hilo "uzembe" ndilo linalonifanya niandike. Mimi nimefunga mabomba miaka ishirini na sita, ya maji, ya mvuke, ya dizeli na ya gesi, na ningependa kumwuliza bwana huyo uzembe ulikuwa wa nani. Lakini yafaa kwanza wenzetu wasiofanya kazi hii waelewe kazi yenyewe ilivyo, maana matajiri hufurahi sana tusipoelewa.

Kila mmoja wetu anakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipozimika karibu nchi nzima, na hata katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta abiria wakakaa gizani kwa kuwa jenereta ya akiba ya sehemu moja haikuwaka ilipotakiwa. Stima ikazimika tena Novemba na Desemba mwaka ule ule. Tangu hapo kila mwenye jengo anataka jenereta, na anaitaka upesi. Wengi hununua ya dizeli kama zamani. Lakini wako wauzaji wanaozunguka na picha za jenereta za gesi, wakisema gesi haitoi moshi mweusi, haichotwi usiku kwa mpira kama dizeli, wala haiharibiki kwa kukaa. Maneno hayo ni kweli kwa sehemu kubwa, na mimi sina ugomvi na jenereta ya gesi. Ugomvi wangu ni juu ya bomba lake, na juu ya malipo ya mtu anayelivuta.

Mashine nyingi za namna hii zimetengenezwa ng'ambo kwa ajili ya gesi asilia, ile inayotoka ardhini, ambayo kwa mfano huko Marekani hupita katika mabomba chini ya barabara mpaka mlangoni kwa mtu. Sisi Kenya hatuna mabomba ya namna hiyo barabarani. Jirani zetu Watanzania wanayo gesi: ya Songo Songo imekuwa ikifika Dar es Salaam tangu mwaka 2004, nayo huendesha mitambo ya stima na viwanda. Mwaka 2021 Serikali zetu mbili zilitia sahihi mapatano juu ya bomba la kutoka Dar es Salaam mpaka Mombasa, lakini mapatano hayawashi mashine. Kwa hiyo mwenye jengo huuziwa mashine iliyopangwa kwa gesi asilia, kisha hufungiwa gesi ya mitungi, ile ya kupikia. Akiuliza, muuzaji humjibu, "Gesi ni gesi."

Uwongo mtupu. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja hupanda juu, na penye dirisha hutoka. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu mpaka mara mbili. Ikivuja hushuka sakafuni, hutambaa kama maji, hujaa katika mashimo na mifereji, na hukaa huko ikingoja cheche. Tena, futi moja ya ujazo ya gesi ya mitungi ina moto kama mara mbili na nusu ya ule wa gesi asilia. Kwa hiyo yapasa tundu la kupitishia gesi katika mashine libadilishwe, na regulata itengenezwe upya kwa gesi hiyo. Isipofanywa hivyo mashine hula gesi kupita kiasi, huiunguza vibaya, na kutoa ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu iuayo watu usingizini. Na mahali pa jenereta ya gesi ya mitungi si chini ya ardhi hata kidogo. Sasa katika jengo lile jenereta iko wapi? Iko chini ya ardhi, orofa mbili chini ya mlango wa barabarani, kando ya magari, na katikati ya sakafu kuna tundu la maji machafu.

Je, ni kijana wa kibarua aliyechagua mahali pale?

Tuje kwenye bomba lenyewe. Mtu aliyezoea maji hufikiri kwamba bomba likiwa jembamba maji yatakuja polepole, basi, hakuna hasara. Gesi ya jenereta haiko hivyo. Huingia katika mashine kwa nguvu ndogo mno, hata hupimwa kwa inchi za maji. Jenereta nyingi ndogo za gesi asilia hutaka kama inchi saba, yaani robo ya ratili kwa inchi mraba, na gurudumu la motokaa lina ratili thelathini! Robo hiyo ya ratili ndiyo akiba yote uliyo nayo. Bomba likiwa jembamba, au refu, au likiwa na kona nyingi, hiyo robo hupotea njiani. Na jenereta haili kidogo. Ya kilowati 20 ikibeba mzigo wote hula kama futi 300 za ujazo za gesi asilia kila saa, ambazo ni kama majiko matano ya nyumbani yenye mafiga manne, mafiga yote yakiwaka kwa pamoja. Kwa hiyo fundi wa gesi huanza kwa kalamu na karatasi, spana ikiwa bado mkobani: mzigo ni kiasi gani, urefu ni futi ngapi, kona ngapi, valvu ngapi. Baada ya hapo ndipo anasema bomba liwe inchi moja, au moja na robo, au zaidi.

Gesi ya mitungi nayo ina hesabu yake. Mashine hiyo hiyo hula kilo saba au nane kwa saa. Mtungi wa kilo 13 hauwezi kutoa mvuke upesi namna hiyo. Hupoa, hutoka jasho, kisha huota barafu kwa nje, na mashine huzimika mtungi ukiwa bado na gesi. Hapo ndipo utamwona kontrakta amefunga mitungi sita ya jikoni kwa mipira na klipu, akamwandikia mwenye jengo bili kama ya mtambo.

Na bomba likiisha kufungwa kazi bado haijakwisha. Hulipimi kwa gesi yenyewe. Hulijaza hewa, au naitrojeni, wala si oksijeni kama nilivyomkuta fulani akifanya kwa sababu mtungi wa oksijeni wa kulehemu ulikuwa karibu. Unafunga geji, unangoja, unaitazama sindano. Unapaka sabuni kila kiungo. Karibu na mashine unaweka kipande cha hozi ya chuma inayopinda, kwa maana jenereta hutetemeka na bomba gumu hupasuka kiungoni. Unaweka valvu ya mkono mahali ambapo mtu anayekimbia anaweza kuifikia. Unaweka mguu mfupi wa bomba unaoelekea chini ili uchafu uanguke humo usiingie katika regulata. Hayo yote huchukua siku mbili au tatu. Kijana wetu alipewa siku moja, kwa shilingi 1,200.

Alipewa bomba la nusu inchi kwa kuwa ndilo lililokuwa stoo. Mchoro haukuwapo. Geji haikuwapo. Jioni mashine ikawashwa, ikawaka vizuri kwa kuwa haina mzigo, watu wakapiga makofi. Ilipopewa mzigo wa jengo ikakohoa, ikazima. Wenzangu mafundi, mnacheka kwa uchungu, maana mnajua ni nini: bomba jembamba. Lakini mnyapara hakutaka kusikia habari ya bomba jingine. Akamwambia akaze skrubu ya regulata ili gesi ije kwa nguvu. Akakaza. Ikazima tena. Mnyapara akasema kuna hewa ndani, fungua nati hapo penye mashine uitoe. Akafungua. Gesi ikamwagika pale pale sakafuni, chini ya ardhi, hapana dirisha, hapana chombo cha kupima gesi, hapana mtu aliyekata stima. Kijana akasema harufu imekuwa kali. Baadaye kidogo akasema haisikii tena, na hili mlishike vizuri, kwa sababu pua huchoka. Mtu akikaa katika harufu hiyo huacha kuisikia na gesi ipo tele. Kisha mnyapara, akiwa amesimama juu penye ngazi, akaagiza swichi ibonyezwe.

Mnyapara hakuungua.

Msidhani mambo haya ni ya nchi maskini tu. Tarehe 9 Juni 2009, mji wa Garner, North Carolina, kiwanda cha nyama cha ConAgra kilikuwa kinafunga chombo kipya cha kuchemshia maji kwa gesi asilia. Bomba jipya lilikuwa na hewa ndani. Wakaitoa ndani ya jengo, wakarudia mara nyingi kwa kuwa chombo kilikataa kuwaka, huku watu zaidi ya 200 wakiendelea na kazi zao kiwandani. Waliokuwa karibu walikuwa wamezoea harufu. Jengo likalipuka. Wafanya kazi 4 walikufa, 67 wakaumia, na mwaka 2011 kiwanda kikafungwa kabisa. Basi linganisheni na jengo letu la Nairobi: hewa ndani ya bomba, nati iliyofunguliwa ndani ya nyumba, pua iliyochoka.

Miezi minane baadaye, Jumapili tarehe 7 Februari 2010, huko Middletown, Connecticut, mtambo mkubwa wa stima wa Kleen Energy ulikuwa karibu kumalizika. Bomba jipya la kuleta gesi kwenye mashine lilihitaji kusafishwa, litolewe vumbi na mabaki ya kulehemu. Laweza kusafishwa kwa hewa ya kompresa. Lakini gesi ilikuwa tayari pale, yenye nguvu ya kutosha, basi wakaisafisha njia kwa gesi yenyewe, wakiipuliza nje kati ya majengo watu wakiwa kazini. Asubuhi ile peke yake waliachia kama futi milioni 2 za ujazo. Wafanya kazi 6 walikufa na wengine wasiopungua 50 waliumia. Hao hawakuwa vibarua wasiojua kazi. Walikuwamo mafundi hodari, wanachama wa vyama vya wafanya kazi kama hiki chetu. Baadaye idara ya usalama kazini ya Marekani ilipendekeza faini za dola milioni 16.6, na halmashauri inayochunguza milipuko ikataka kusafisha mabomba kwa gesi kukatazwe.

Nawaomba mtazame jambo moja katika habari hizo mbili. Hakuna aliyesema, "Twende tukaue watu." Kila mahali palikuwa na njia salama inayojulikana, na kila mahali ikafuatwa njia ya mkato kwa kuwa ilikuwa karibu zaidi. Na aliyeichagua si yule aliyeshika spana.

Hata hiyo harufu ya gesi haikuja kwa huruma ya tajiri. Gesi asilia haina harufu. Tarehe 18 Machi 1937 shule moja huko New London, Texas, ililipuka kwa gesi iliyokusanyika chini ya sakafu bila mtu kujua. Shule ilikuwa imeacha kununua gesi na kujiunganishia bomba la mabaki ya gesi ya visima, kusudi ipunguze matumizi. Walikufa watu karibu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo ndipo sheria ya Texas ikataka gesi itiwe harufu. Na hapa kwetu Embakasi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mahali pa kujazia gesi katikati ya nyumba za watu paliwaka, watu wakafa na zaidi ya mia mbili wakaumia. Mamlaka ya nishati ikasema ilikuwa imekataa maombi ya leseni ya mahali hapo mwaka 2023. Karatasi ilikataa, kazi ikaendelea.

Sasa tajiri atatuambia, kama alivyomwambia katibu wetu kwa simu, kwamba fundi wa gesi ni ghali na mwenye jengo hataki kulipa. Vema, tupige hesabu. Jenereta imenunuliwa kwa mamilioni. Geji ya kupimia haifiki mshahara wa fundi wa siku chache. Tofauti ya bei kati ya bomba la nusu inchi na la inchi moja na robo kwa urefu ule ni chini ya bei ya meza ya meneja. Fedha ziko. Zilikatwa mahali ambapo mwenye jengo haoni, ndani ya ukuta na mikononi mwa kibarua. Akija kukagua, huonyeshwa mashine inayong'aa, rangi ya kijani, na taa zake.

Nirudi kwenye barua yao. Mnajua kwa nini wameandika "uzembe"? Wanatumaini kwamba kijana hajui sheria. Sheria ya fidia kwa walioumia kazini, ya mwaka 2007, haisemi kwamba aliyezembea hapati kitu. Yasema habari ya mtu aliyevunja utaratibu kwa makusudi, tena hata huyo, akilemaa sana au akifa, fidia haipotei kwa sababu hiyo. Kutii amri ya mnyapara si makusudi mabaya. Na tajiri alipoarifiwa ajali alitakiwa aipeleke kwa Mkurugenzi wa usalama kazini katika siku saba. Tumeuliza. Haikupelekwa. Nani mzembe?

Vile vile Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amwarifu mkubwa wake, na hatari ikiwa bado ipo hawezi kulazimishwa arudi mahali pale. Vifaa vya kujikinga ni juu ya tajiri, wala si vya kukatwa mshahara. Penye watu 20 au zaidi lazima iwepo kamati ya usalama. Na kwa Sheria ya Kazi ya mwaka huo huo, kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi si kibarua tena, ni mtu wa mshahara wa mwezi. Kijana wetu amekuwa na kontrakta huyo miezi mitano, akiandikwa kila asubuhi kama mgeni.

Na sisi je? Nisiposema hili nitakuwa mnafiki. Wako wenzetu wenye vyeti vyote wanaotia sahihi karatasi ya kwamba bomba limepimwa, nao hawajalikanyaga jengo. Hulipwa kwa sahihi tu. Tunawajua, na nasema waziwazi kwamba mtu kama huyo ni mbaya kuliko mnyapara, kwa maana mnyapara hajui na yeye anajua. Wako pia wanaosema, "Nikikataa atachukua mwingine penye geti." Ni kweli atachukua. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana nilifunga bomba la gesi jikoni katika hoteli moja bila kulipima, kwa kuwa harusi ilikuwa jioni ile. Halikuvuja. Ilikuwa bahati tu, nami hata leo nikipita mbele ya hoteli ile huangalia upande mwingine. Lakini kama wote walio penye geti wamesikia kwa chama kwamba bomba la gesi halifunguliwi chini ya ardhi, huyo mwingine naye atakataa, na wa tatu. Ofisi ya tawi nayo ilaumiwe: mwaka mzima tumezungumza habari ya michango, na mafunzo ya gesi tuliyoahidiwa hayajaanza hata siku moja.

Halmashauri ya tawi imekubali mambo haya. Mwanachama yeyote akiitwa kwenye kazi ya bomba la jenereta, la gesi au la dizeli, aulize kwanza mchoro, geji, na jina la fundi mwenye cheti anayesimamia. Akikosa kimoja, asianze. Apige simu ofisini papo hapo, na katibu ataandika barua siku hiyo hiyo. Hewa haitolewi katika bomba la gesi ndani ya chumba. Skrubu ya regulata haiguswi na mtu asiye na kipimo mkononi. Karatasi ya kupima haitiwi sahihi na asiyeiona sindano ya geji kwa macho yake, na mwanachama atakayetia sahihi ya namna hiyo ataitwa mbele ya halmashauri.

Mkutano ni Jumamosi saa nane mchana, ofisi ya tawi. Leteni vikaratasi vyenu vya malipo ya kila siku, hata vilivyochakaa, maana wakili anataka kuhesabu siku. Mwenye picha ya mitungi iliyofungwa kwa mipira katika jengo lolote alete. Kijana wetu atakuwapo na ataeleza mwenyewe. Mikono yake bado imefungwa bandeji, kwa hiyo tafadhali msimpe mkono.